Dishi linalosaga usiku wa manane

Maswali ya wasomaji wanaoishi na kusafiri kwenye magari-nyumba, na majibu ya fundi wenu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tumenunua gari-nyumba lililotumika. Juu ya paa lina dishi la setilaiti linalojitafutia lenyewe, lile lililofunikwa kwa kuba la plastiki. Picha inaonekana vizuri, shida yetu ni kelele. Tukiliwasha linagonga tak-tak-tak kwa sekunde kadhaa kabla ya kuanza kutafuta. Halafu usiku, tukishazima televisheni na kulala, linasaga krrr, linanyamaza, na baada ya nusu saa hivi linaanza tena. Kitanda chetu kiko chini yake kabisa. Fundi mmoja alisikiliza kidogo akasema mota imekufa, tununue nyingine. Mume wangu ameshika spana, anataka kuling'oa dishi zima. Tufanyeje? (Mama asiyelala)

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa usingizi uliokosa. Mwambie mume wako aiweke spana chini kwanza. Mota iliyokufa haizungushi kitu. Ya kwenu inazunguka, inaifikia setilaiti, na picha mnaitazama. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu naona watu wakiuziwa mota wasizozihitaji. Mpya inafungwa, na kelele inarudi ile ile, maana kile kilichokuwa kinaiamuru izunguke usiku bado kiko pale pale.

Hiyo tak-tak-tak ya mwanzoni isikutie hofu. Madishi mengi ya aina yenu yakiwashwa hayajui yameelekea wapi. Dishi huzunguka upande mmoja mpaka ligonge kizuizi chake, mota inaendelea kusukuma kwa sekunde chache huku gia au mkanda ukiruka jino baada ya jino, ndipo linajua kwamba hapo ndipo mwanzo, na hesabu zake zote zinaanzia hapo. Limeundwa hivyo. Angalia kitabu chake kuthibitisha, kisha iache sauti hiyo. Cha kukushtua ni kuisikia tak-tak hiyo wakati dishi lilikuwa limeshatulia, kwa sababu hapo ina maana dishi limezimika na kuwaka upya bila nyinyi kuligusa.

Sasa kusaga kwa usiku. Setilaiti za televisheni ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, na zinaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia inajizungusha. Ukizitazama kutoka ardhini hazisogei. Gari likishaegeshwa na dishi likishaipata setilaiti yake, halina sababu ya kusogea mpaka mtakapoondoka. Likisogea usiku kuna kitu kimelisogeza, na kitu hicho unaweza kukijua ukiwa umelala hapo hapo kitandani. Weka karatasi na kalamu kando ya mto. Kila likisaga, andika saa, kisha andika kilichokuwa kinaendelea: friji imewaka? pampu ya maji? kuna upepo? taa ya king'amuzi imebadilika rangi? kuna mtu aliyeamka akatembea? Usiku mmoja au miwili ya kuandika hivyo itakuambia mengi kuliko fundi anayesikiliza dakika tano mchana, gari likiwa limetulia na jua likiwa linachaji betri.

Mshukiwa wangu mkubwa ni umeme. Dishi lenu linakula umeme wa volti 12 wa gari, na usiku ndio wakati betri inapochoka. Hakuna kinachoichaji, na friji, feni na taa zote zinaivuta. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, na ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Friji au pampu inapoanza kufanya kazi, volti zinashuka ghafla kwa kitambo kidogo. Taa hazizimi, pengine zinafifia tu kwa namna ambayo hamwoni, lakini kompyuta ndogo ya dishi haivumilii mshuko huo. Inajizima na kujiwasha. Ikiwaka inaanza kazi toka mwanzo: linakwenda kugonga kizuizi, linatafuta, linapata, linanyamaza. Wewe uliye chini yake unasikia krrr kila baada ya nusu saa, na nusu saa hiyo ukiifuatilia kwenye karatasi yako huenda ukakuta ndiyo zamu ya friji kuwaka.

Kupima betri peke yake hakutoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha. Ipime betri, kisha pima tena pale waya wa umeme unapoingia kwenye kisanduku cha kuongozea dishi, na upime mota ikiwa inazunguka. Umeme ambao haufanyi kazi yoyote unasomeka vizuri hata kwenye waya uliooza. Betri ikisoma 12.5 na pale kisandukuni ukasoma 10.5, volti 2 zimepotea njiani: kwenye fyuzi iliyolegea, kwenye kiungo chenye kutu ya kijani, au kwenye waya mwembamba ambao mwenye gari wa kwanza aliuvuta kutoka mbali. Safisha viungo, kaza, na waya ukiwa mwembamba kwa urefu wake, badilisha uweke mnene zaidi. Mota inayopata umeme pungufu nayo hujikokota na kunguruma, na sikio la haraka huisikia likaihukumu kuwa mbovu. Nadhani ndivyo ilivyomtokea fundi wenu.

Kama karatasi haionyeshi friji wala pampu, tazama miti. Dishi dogo la sentimita 45 linaangalia kipande chembamba sana cha anga, nyuzi kama 4 tu. Tawi likiwa pembeni mwa kipande hicho, mchana usio na upepo picha inakuja vizuri. Usiku upepo unavuma, tawi linaingia na kutoka, majani yakiwa na maji ndiyo mabaya zaidi, na dishi linaamini limeipoteza setilaiti. Linazunguka kuitafuta. Kwenye simu kuna programu zinazoonyesha setilaiti iko wapi angani ukiielekeza simu juu. Simama karibu na gari, elekeza, uone kama kuna jani njiani. Dawa yake ni kusogeza gari mita chache. Hakuna spana itakayokusaidia hapo.

Mwingine wa kuchunguzwa ni king'amuzi. Kuzima televisheni hakuzimi king'amuzi, na kukizima kwa rimoti mara nyingi kunakiacha kimelala nusu. Usiku ndipo vingi vinapojipakulia ratiba na marekebisho ya programu zao, na kama huduma yenu inatumia setilaiti zaidi ya moja, king'amuzi kinaweza kuliamuru dishi lihame kutoka moja kwenda nyingine, kisha lirudi. Vivyo hivyo mkiwa mmepanga kirekodi kipindi cha usiku. Tafuta kwenye mipangilio yake saa ya kujirekebisha, uihamishie mchana.

Kuna pia madishi yaliyoundwa kufuatilia setilaiti gari likiwa linatembea. Hayo yana vihisio vya mtikisiko, na yakiachwa kwenye hali ya safari yatajirekebisha kila gari linapoyumba, hata mtoto akigeuka kitandani. Kama lenu ni la aina hiyo, kitabu kitakuonyesha namna ya kuliweka kwenye hali ya kuegesha.

Kwa leo usiku, ili mlale, fanya hivi. Tafuta swichi ya umeme wa dishi lenyewe. Kwa kawaida iko ukutani karibu na king'amuzi, au kwenye kisanduku cha kuongozea. Izime mnapolala. Kwenye madishi mengi yenye waya wake wa umeme mnaweza hata kuizima mapema, mara tu setilaiti ikishapatikana, na picha ikaendelea, kwa sababu kile kichwa cha mbele ya dishi, LNB, kinapata volti zake 13 au 18 kutoka king'amuzi kupitia waya wa antena, na mota haihitajiki tena. Yale yanayopata umeme wote kupitia waya huo wa antena hayawezi hivyo. Hayo mzime king'amuzi chenyewe ukutani.

Ukishazima swichi, sikiliza tena. Kelele ikikoma, ni mota iliyokuwa inaamriwa, na karatasi yako itakuambia na nani. Kelele ikiendelea hata umeme ukiwa umekatwa, mota haihusiki kabisa. Basi ni plastiki ya kuba inayojikunyata usiku joto linapopungua, au skrubu za kuba zimelegea na upepo unazitikisa, au waya unagonga paa. Paa la gari-nyumba ni jembamba na ndani yake mna uwazi, hivyo linaikuza kila sauti inayoligusa kama ngozi ya ngoma. Kugonga kidogo juu kunasikika chini kama mtu anatembea.

Mkishayapita yote hayo na kusaga kukabaki, ndipo mpande. Toa fyuzi ya dishi kwanza, uiweke mfukoni mwako. Dishi linalojiendesha linaweza kuanza kuzunguka bila kukuonya, na vidole vilivyokuwa kati ya gia haviponi upesi. Paa liwe kavu. Si kila paa linabeba mtu. Kama hujui, tandika ubao mpana upige magoti juu yake, na uangalie nyaya za umeme zilizopita juu. Fungua kuba, uone kilichomo. Mara nyingi nakuta vitu ambavyo havikuwekwa na kiwanda: kiota cha nyigu, majani makavu, skrubu iliyodondoka na kulala kwenye njia ya gia, waya wa antena uliochomoka kwenye kibano chake na sasa unasuguliwa kila mzunguko. Huo waya uutazame kwa makini. Kwenye madishi mengi unazunguka pamoja na dishi, ndiyo maana dishi haliwezi kuzunguka upande mmoja bila kikomo. Likifika mwisho linarudi kinyume. Ukibanwa, mota inahangaika.

Kisha tazama dishi linazungushwa kwa mkanda wa meno au kwa gia tupu. Mkanda usiupake grisi wala mafuta ya aina yoyote. Mafuta yanauteleza na kuulainisha mpira wake. Mkanda uliolegea unaruka meno kwa sauti kali, dishi linapoteza hesabu yake na kuanza kutafuta upya. Uliokazwa kupita kiasi unalia na kula beringi. Gia za plastiki zifute vumbi na grisi ya zamani iliyochanganyika na mchanga, kisha uzipake grisi ya silikoni isiyodhuru plastiki, kidogo tu. Usilizungushe dishi kwa nguvu ya mkono. Nyingi zina gia za kujifunga ambazo huvunjika meno zikilazimishwa kinyumenyume.

Mwisho, rudisha fyuzi, mmoja awashe ndani na mwingine atazame kutoka kwenye ngazi, mikono mbali. Kusaga kukitokea mahali pamoja tu katika mzunguko, pale pale kila mara, kuna jino lililovunjika au kitu kimekwama. Kukiwa mzunguko mzima, na umeme umeshaupima ukauona mzuri, na mkanda uko sawa, basi beringi au mota imechoka kweli. Hapo nunueni, na mtanunua mkijua mnanunua kwa nini.

Niandikie karatasi yako ilisema nini. Nataka kujua.

SWALI: Habari za kazi, fundi. Dishi langu ni la kukunja, halina kuba. Likilala kwa safari, tukifika kilomita 80 kwa saa linapiga mluzi mkali, na barabara mbovu linagongagonga. Nimekaza kila nati ninayoiona. (Dereva)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hizo ni kelele mbili, usizitibu pamoja. Mluzi unafuata kasi na upepo, kugonga kunafuata mashimo ya barabara.

Kabla ya yote hakikisha dishi limelala mpaka mwisho, maana likibaki limeinuka hata kidogo, mluzi ndiyo shida yako ndogo. Upepo unaweza kulipindua nyuma ukang'oa na kipande cha paa. Mkono unaobeba LNB unatakiwa ukae juu ya kiegemeo chake cha raba. Raba hiyo hukauka na kupasuka kwa jua, na ikianguka, chuma kinapiga chuma kwenye kila shimo. Hiyo ndiyo kelele yako ya kugonga, nina hakika nayo karibu kabisa. Nunua raba mpya kabla ya kitu kingine chochote. Kagua pia waya wa antena kati ya dishi na mahali unapoingia paani; ukiwa umelegea unachapa bati. Ufunge kwa vifungo vyeusi vya plastiki vinavyovumilia jua, lakini uache ulegevu wa kutosha dishi liweze kuinuka na kuzunguka.

Mluzi unatoka kwenye upenyo mwembamba au tundu tupu. Chukua utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa mafundi rangi, ziba tundu moja la bolti lisilotumika au ufa mmoja chini ya kitako, endesha, sikiliza. Bandua, ziba jingine. Sehemu ambayo ukiiziba mluzi unabadilika au kukoma ndiyo yenyewe, na hiyo ndiyo utakayoiziba kwa kudumu. Utepe huo usikae siku nyingi juani, utaganda. Wengine huweka kinga ya upepo mbele ya dishi. Inasaidia, ila isizuie dishi kuinuka na isitobolewe paani ovyo; kila tundu jipya la skrubu ni mlango wa maji.

SWALI: Mwanangu fundi, mimi ni mwalimu mstaafu. Dishi langu ni la kuzungushia kwa mpini kutoka ndani. Siku hizi linalia kama linalalamika, na mpini umekuwa mzito. Jirani ameniambia nimwagie mafuta ya injini. (Mzee wa safari)

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Mafuta ya injini usiyamwage, tafadhali. Yanakusanya vumbi kwenye gia, na paa lako likiwa la mpira, mafuta ya petroli na jamii yake hulivimbisha na kuliharibu.

Anza ndani, kwa sababu ndiko rahisi. Nondo ya mpini inapita kwenye bamba la dari, na mara nyingi mlio wote unatokea hapo tu, nondo ikisugua bamba lililopinda. Legeza skrubu za bamba, iweke nondo katikati, kaza tena. Zungusha usikilize. Ikiwa bado, inua dishi mpaka mwisho, mwombe kijana mwenye miguu thabiti apande, apulizie silikoni ya kopo pale kichwa kinapozungukia juu ya kitako chake, nawe ukiwa ndani ulizungushe taratibu huku na huku mpaka liwe jepesi.

Uzito wa mpini una sababu nyingine ninayoiona kwa watu wengi: kulizungusha dishi kabla halijainuka kabisa. Linaburuta kwenye paa na kuikata meno gia. Liinue kwanza, ndipo ulielekeze. Wakati wa kulilaza, lirudishe kwenye alama yake ya kulala, ndipo ulishushe. Ukihisi mpini unagoma, simama hapo hapo usiulazimishe. Na ukisikia ka-ka-ka mpini ukizunguka bila dishi kusogea, gia ya kuinulia imekula meno. Hiyo haina dawa ya kupulizia, inabadilishwa. Gia yenyewe huuzwa peke yake, kwa hiyo asikuambie mtu ununue dishi zima.

SWALI: Fundi, naomba kupunguza kelele kwa kuweka sponji nene chini ya kitako cha dishi, na kuziba vitundu vya chini ya kuba ili nyigu wasiingie. Ni sawa?

JIBU: Yote mawili hapana. Sponji inabonyea, na dishi likiinama hata nyuzi moja au mbili kila gari linapotikisika, litaanza kutafuta upya, utakuwa umeongeza kelele. Kitako kinatakiwa kikae imara. Kama skrubu zake zimelegea, zikaze na uzifunike kwa gundi maalumu ya paa inayojitandaza yenyewe. Kwenye paa la mpira usitumie silikoni ya kawaida; haishiki vizuri, na ikishapakwa, gundi nyingine haishiki juu yake.

Vitundu vya chini ya kuba vimewekwa ili maji yatoke. Ukiviziba, unyevu unabaki ndani, mota na viungo vinashika kutu. Vifunike kwa kipande cha wavu mwembamba wa plastiki, maji yatoke na nyigu wabaki nje. Na kwa kuwa utakuwa umepanda, usilipake kuba rangi. Rangi zenye chembe za chuma huzuia mawimbi. Maji na sabuni laini yanatosha.